Gaudensia na Vyeti Vinane vya Ubatizo

Kwa miaka tisa Gaudensia ndiye aliyekuwa akitengeneza programu za kompyuta Mbulu mjini, na hakuna aliyemuuliza anazitengenezaje. Duka la dawa za mifugo lilipata kwake programu ya kuorodhesha dawa, na parokia yao kule kijijini Daudi ilikuwa na programu ya rejista ya ubatizo aliyoiandika mwenyewe: mistari elfu nne, juu hadi chini, bila kupumua. Ukigusa mmoja, mitatu inaanguka. Yeye peke yake alijua pa kutogusa.

Mwaka 2008 akasikia kuna mafunzo Babati ya namna mpya ya kuandika programu, kwa watu walio kazini tayari: Jumamosi moja kila mwezi, miezi mitano. Akaenda. Mwalimu, Basili, alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Alipomwona mwanafunzi wake alisita kidogo.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Anza tu.”

Basili akaeleza kwamba programu hugawanywa katika klasi. Klasi ni kama fomu tupu. Ukiijaza unapata mtu mmoja, au ng'ombe mmoja. Na klasi mtoto hurithi yote yaliyomo kwenye klasi mzazi.

Gaudensia aliposikia “mtoto” na “mzazi” moyo ulimruka. Si ndiyo rejista ya ubatizo hiyo! Hakungoja mwezi wa pili. Akatunga klasi Baba, na chini yake klasi Mtoto, inayorithi kila kitu. Mistari elfu nne ikawa mia saba. Kwa furaha akachapa vyeti vinane vya Jumapili iliyofuata, akampelekea Padri Maximilian bila kuvisoma.

Padri akaanza kuvisoma mbele ya waumini.

“Yonas Hermani, miezi minne. Kazi, mkulima. Hali ya ndoa, ameoa.”

Mzee Tluway, babu yake Yonas, akasimama na fimbo yake.

“Padri, ameoa kwa nani? Mahari sisi hatujapeleka!”

Padri akajaribu cha pili. Kilikuwa cha Zita, kitoto cha kike. Jinsia: mwanaume. Hapo hata kwaya ilishindwa kujizuia.

Baada ya misa Padri alimwita Gaudensia. “Binti yangu, huyu mtoto hana jino hata moja, wewe umempa mke.” Hakuwa mkali, na hicho ndicho kilichomuuma zaidi.

Mwezi uliofuata Basili aliisoma programu ile huku akiuma midomo.

“Mama, mtoto ni aina ya baba?”

“Hapana. Mtoto ana baba.”

“Basi asirithi kwake. Baba ni mtu, mtoto ni mtu. Wote warithi kwenye klasi Mtu. Halafu mtoto awe na nafasi ya kumtaja baba yake. Basi.”

Gaudensia akasema: “Neno hilo, mwalimu, ungelitanguliza kabla ya lile la kurithi.”

Basili akachukua kalamu, akaliandika kwenye maandalio yake ya somo.

Vyeti vikachapwa upya. Gaudensia akaendelea na mafunzo hadi mwisho, ila sasa kila jipya alilijaribu kwanza kwenye orodha ya kuku wake wa nyumbani. Mwezi wa nne mayai yalitokea yana manyoya. Alicheka peke yake, akarekebisha, akaenda kuwamwagia kuku mahindi.