Kijani Juu

Asubuhi ile Mutua alikuwa akinikaripia kwa sababu ya kamba. Tulikuwa zamu ya kupandisha bendera kambini, ng'ambo ya mpaka, ambako tulikuwa tumepigana karibu mwaka mzima, nami nilikuwa nimeifunga bendera kijani juu bila kuangalia. Mutua hakuvumilia mambo kama hayo. Baba yake alikuwa mchongaji wa vinyago huko Kaloleni, mtaa tuliokulia sote wawili, na jicho la kuona kitu kilichokaa vibaya alilirithi kwake.

"Nyeusi ni watu, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi," alisema. "Ukiweka kijani juu, buda, umezika wasee, watu wote chini ya ardhi."

Nilicheka, nikaigeuza. Akaanza kuvuta kamba. Kutoka jikoni tulisikia harufu ya chai ya tangawizi.

Kombora la kwanza lilianguka nyuma ya jiko.

La pili likaanguka karibu na mlingoti.

Nilipoinua kichwa, Mutua alikuwa amekaa chini, ameshika paja, damu inaruka kati ya vidole. Nilitafuta kitu cha kumfunga, sikukiona. Nikakata kamba. Bendera ikaanguka yote vumbini. Nikamfunga nayo juu ya jeraha, nikakaza kwa nguvu zangu zote.

"Imegusa chini," alisema. "Utachapwa."

Hakuniambia neno jingine. Helikopta ilifika saa sita mchana. Alikuwa amekata roho tangu saa tatu.

Jioni mkubwa wetu wa kambi alitupanga mstari. Swali lake la kwanza lilikuwa nani aliyeteremsha bendera bila amri. Nikamwambia ni mimi, na kwa nini. Akasema bendera iliyochafuka haipandishwi tena wala haitupwi, huchomwa kwa heshima, na kwa kuwa niliyeichafua ni mimi, basi niichome mimi. Kuchafua. Hilo ndilo neno aliloona linafaa kwa damu ya Mutua. Mpaka leo nikilikumbuka nasaga meno.

Niliichoma kwa dizeli, nyuma ya mahema.

Kwenye mazishi, Mama Mutua alikabidhiwa bendera mpya, imekunjwa vizuri, ndani ya nailoni. Siku hiyohiyo, bendera iliyotundikwa kwenye mlango wa ukumbi wa mtaa ilikuwa kijani juu, na waombolezaji wote wakapita chini yake bila kuona. Nilifoka mpaka nikashikwa mikono nikatolewa nje. Mama Mutua alinifuata, akaniuliza iko wapi ile niliyomfunga nayo mwanawe. Nikamwambia jeshi limeihifadhi. Nilimdanganya mama aliyefiwa, siku ya mazishi.

Niliacha jeshi, sasa naishi mtaa wa Tena, na watu wananijua kama yule mwendawazimu wa bendera. Kila sikukuu ya taifa nagombana na mtu. Huyu ameitundika kichwa chini dukani. Huyu ameiacha getini mpaka ikafifia na kuchanika. Yule ameitandika kwenye meza ya wageni wa heshima, wakaimwagia soda. Wakiniambia ni kitambaa tu, natamani kuwapiga.

Sikukuu iliyopita niliikuta ile ya ukumbini Kaloleni imegeuzwa tena. Nilikuwa nikimfokea mlinzi nikasikia naitwa. Mama Mutua, mzee sasa, alikuwa amekaa mlangoni pake ng'ambo ya njia, amepakata ile bendera aliyopewa, bado ndani ya nailoni.

"Njoroge, hii hata haimjui mtoto wangu," alisema. "Niletee ile yake. Nataka nizikwe nayo."

Miaka yote hiyo nilikuwa na uongo mwingine tayari. Siku hiyo haukutoka.

"Niliichoma, Mama. Niliamriwa."

Aliipapasa ile nailoni.

"Na ikiungua, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nilimwambia ukweli. Nilisimama wima, visigino pamoja, nikaipigia saluti mpaka ikawa majivu. Kanuni zilitaka hivyo, nami nilizifuata bila kosa hata moja. Katika yote niliyoyafanya vitani, hilo ndilo nisilojisamehe.

Mama Mutua aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Nilirudi ukumbini. Mlinzi alikuwa ameshaleta ngazi. Akaniuliza kama aigeuze sasa.

Nilimwambia aiache hivyo hivyo, kijani juu.