Darasa la jioni Morogoro tulisoma kitabu cha mlevi, mtani akaja kumlilia mjomba wangu akiwa hai

Wakuu, poleni na majukumu. Walionizidi umri shikamoo zenu, walio wadogo marahaba natanguliza kabisa nisije nikasahau.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza kule jukwaa la vitabu: hivi vitabu vya kwetu, vilivyoandikwa na watu wa huku huku, vya ulevi na kufiwa na kunyanyuka tena, vimeshawahi kumsaidia mtu kweli? Au ni vya kujibia mtihani tu?

Nikaanza kumjibu pale pale. Jibu likawa refu kama foleni ya sukari enzi za uhaba, nikaona bora nifungue uzi.

Mnaonifahamu mnajua nina mkono mzito kwenye chumvi. Humu chumvi nitaitia kwenye baridi, kikohozi, wembamba na sauti za watu tu. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Na mkiona naandika kichovu, ni kweli nimechoka. Habari hii kila nikiisimulia inanichosha upya.

Twende.

Ilikuwa kipindi kile cha ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yamejaa vitu, mifuko imejaa upepo. Mitumba inashushwa sokoni kwa marobota, unavaa koti la Mzungu mpaka magotini na unajiona waziri. Sisi vijana tulishangilia sana. Hatukuwaza kwamba kila robota likifunguliwa kuna mashine inazimwa mahali.

Mashine mojawapo ilikuwa ya mjomba wangu.

Mjomba Mkude, kaka yake mama, tumbo moja. Alishuka kutoka huko juu Uluguru akiwa kijana. Huko kwetu ni baridi wakuu, uji unaganda kati ya bakuli na mdomo. Akaajiriwa kiwanda kimoja cha nguo, kitengo cha kufuma, akakaa hapo mpaka mvi zikaanza.

Kazi yake niliwahi kuiona. Uzi ukikatika mashine inasimama. Mjomba anainama, anasikiliza kidogo kama daktari, anachukua ncha mbili, vidole vinapita hivi, fundo limeshafungwa na mashine inalia tena. Fundo dogo hilo, ukilitafuta kwenye kitambaa hulioni.

Kiwanda kikaanza kupunguza watu. Akapunguzwa.

Alirudi nyumbani Kihonda na ovaroli yake ya bluu. Akaifua, akaipiga pasi, akaitundika kwenye msumari ukutani. Kila Jumapili anaifua tena na kuipiga pasi tena. Nguo safi kuliko zote mtaani, na haina pa kwenda.

Halafu akaanza kunywa. Mwanzo komoni na wenzake waliopunguzwa, wanasimuliana habari za mashine. Wenzake wakatawanyika, mmoja mashamba ya miwa, mwingine biashara ndogondogo, wengine makaburini. Yeye akabaki na gongo, peke yake, asubuhi. Mkewe alivumilia, akashindwa, akarudi kwao na watoto. Mjomba akawa na kikohozi kinachosikika mpaka Dodoma.

Niwaeleze kitu kimoja wasio wa huku. Kwetu Waluguru ukoo unafuata mama. Mjomba ndiye mkubwa wako, na akifa, mpwa anarithi jina lake. Unakaa mkekani mbele ya watu, unapewa jina, kuanzia hapo wewe ndiye yeye.

Mpwa huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa namtazama mjomba anavyokwisha na najua kinachokwisha ni jina nitakalolivaa.

Sasa kitabu.

Mimi nilikuwa natengeneza baiskeli mchana, jioni nasoma elimu ya watu wazima kwenye darasa moja maeneo ya Kilakala. Madawati ya watoto, magoti yetu yanagusa kidevu. Mwalimu alikuwa kijana mwembamba mpaka akigeuka ubavu unampoteza, lakini moyo wake ulikuwa mpana.

Jioni moja akaja na nakala chache za kitabu kilichochapwa kwa stensili, wino umefifia. Aliyekiandika ni Mluguru, mwalimu mstaafu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine tunasikiliza.

Ni habari ya mtu anaitwa Dimoso. Anashuka mlimani kwenda kukata mkonge, anafiwa na mtoto akiwa huko huko, hakuwahi hata mazishi. Anaanza kunywa. Shamba linamponyoka, ndugu wanachoka naye, mwisho anakutwa amekufa njiani karibu na mto. Ukurasa wa mwisho ni msiba. Watani, watu wa koo tunazotaniana nazo, wanafika, kama ilivyo desturi. Wanavaa nguo zake, wanamwigiza anavyopepesuka, wafiwa wanacheka huku wanalia.

Kitabu kimeisha hapo.

Wengi wetu tulikuwa na Dimoso nyumbani.

Mwalimu akauliza, kitabu kinatufundisha nini? Jamaa mmoja wa mbele akajibu haraka, "Pombe ni mbaya, mwalimu."

Nilitamani kumtupia chaki. Hakuna mke wa mlevi anayehitaji kitabu kumwambia pombe ni mbaya. Hata mlevi mwenyewe anajua, ndiye anayejua kuliko wote. Mimi nilichokiona mle ni kwamba huyu mtu alikuwa na msiba ambao hakuwahi kuulilia, akawa anaunywa kidogo kidogo. Nikasema hivyo. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema endelea, lakini nikainamia dawati.

Hapo ndipo akasimama Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa mama mtu mzima, muuza ndizi, alikuja darasani, kwa maneno yake mwenyewe, "kutafuta watu wa kugombana nao baada ya kazi." Sauti yake ikianza Kilakala, Mzinga wanafunga madirisha.

"Watani gani hawa?" akafoka, kana kwamba mwandishi yuko dirishani. "Mtu anaoza miaka, wanakaa kimya, wanangoja afe ndiyo waje kumcheka! Sasa anasikia nini? Funza ndio wanacheka naye?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akasema, "Lakini Bi Mwanaidi, si ndiyo desturi? Mtani kazi yake ni msibani."

"Kazi ya mtani ni kusema ambalo ndugu hawezi kusema. Msibani ni mahali tu."

Akanigeukia. "Wewe fundi baiskeli, yule mjomba wako wa Kihonda ninayemwona akipepesuka mtaani, ukoo gani?"

Nikamtajia.

Akapiga makofi. "Haa! Mtani wangu yule! Mabibi zetu walikuwa wanakamatana vilemba misibani! Jumamosi nakuja kumlilia."

Nikadhani ni masihara. Nilipomwambia mama, mama akaweka ungo chini.

"Unataka kumzika kaka yangu mzima? Huo ni uchuro."

Alikuwa na haki. Kumlilia mtu aliye hai kwetu ni kuyaita mauti. Nilitafakari siku mbili tatu. Upande mmoja uchuro, upande mwingine naona wazi kwamba mauti yenyewe yalishaitwa na yako njiani. Nikamwambia, "Mama, Bi Mwanaidi asipokuja sasa, atakuja baadaye tu." Mama akauokota ungo. Hakusema ndiyo. Akaendelea kupepeta.

Kabla ya Jumamosi Bi Mwanaidi aliniita pale kwenye ndizi zake. Hakuuliza mjomba anakunywa nini wala anaanguka wapi. Aliuliza, "Alipokuwa kazini alikuwa anafanyaje?" Nikamweleza. Akanirudisha mara kwa mara: anainama upande gani? Anasikiliza kwa sikio lipi?

Jumamosi adhuhuri mjomba amekaa kwenye kigoda mlangoni, macho mekundu. Mama naye alikuwepo, alikuja bila kuniaga, amejikunyata pembeni.

Tukasikia kilio kutoka mwisho wa mtaa.

Bi Mwanaidi na wenzake wawili, kanga zimefungwa viunoni, wanalia kilio cha msiba kamili. Majirani wakatoka mbio. Wanauliza nani kafa, nani kafa?

"Mtani wangu Mkude!" Bi Mwanaidi analia. "Kaniacha! Na ndizi zangu mkungu mzima hajawahi kuninunulia, bahili mkubwa!"

Mjomba akatazama kulia na kushoto. Akaelewa. Akacheka, kicheko halisi ambacho sikuwa nimekisikia muda mrefu. "Mtani! Mbona umewahi? Maiti bado inakohoa!"

"Nyamaza wewe, maiti haisemi. Siku hizi hata kufa hujui?"

Mtaa mzima unacheka. Bi Mwanaidi akaanza kumwigiza. Anapepesuka, anakohoa, anainua kidole, "Mimi fundi bwana, mashine zinanijua mimi!" Wakuu, ilikuwa mjomba mtupu. Mjomba anafuta machozi ya kicheko. Nikawaza, basi, imeishia hapa. Amegeuzwa sinema na kesho ataamkia gongo kama kawaida.

Bi Mwanaidi akaingia ndani. Akatoka amevaa ovaroli.

Ile ya bluu, yenye mstari wa pasi.

Kicheko kikapungua. Mjomba akasema taratibu, "Hiyo hapana, mtani."

Bi Mwanaidi akasimama wima, miguu imetulia, si miguu ya mlevi tena. Akainama upande wa kushoto. Akatega sikio. Akanyoosha mikono hewani, akachukua ncha mbili za uzi usiokuwepo, akaanza kufunga fundo.

Majirani wakasogea karibu.

Mjomba alimtazama mpaka uvumilivu ukamwishia. Akasema, "Sivyo."

Bi Mwanaidi akaendelea vile vile, vibaya.

"Sivyo, mama! Uzi haushikwi hivyo, unaunyonga!" Akainuka. Akachomoa uzi kwenye pindo la shati lake, akaukata kwa meno, akashika ncha mbili kumwonyesha.

Vidole vikatetemeka. Uzi ukadondoka. Akauokota, akajaribu, ukadondoka. Akajaribu tena.

Halafu akakaa chini mavumbini na akalia. Hakulia kilevi, wakuu, kile cha kuimba majina ya watu. Alilia kama mtu aliyeletewa taarifa sasa hivi.

Hapo mama akatoka pembeni, akakaa naye chini, akamshika kichwa. Na wanawake waliokuwa wanalia kwa utani wakalia kweli. Tulifanya msiba wa kiwanda siku ile, msiba wa mkewe kuondoka, msiba wa vile vidole. Hakuna aliyekuwa ameililia kabla.

Bi Mwanaidi hakuivua ovaroli. Desturi inajulikana, mtani akichukua kitu msibani mwenyewe anakigomboa. Akasema, "Naondoka nayo. Sitaki hela yako. Siku vidole vikifunga fundo, njoo uichukue."

Akaondoka nayo mwilini, na siku zilizofuata akawa anapita mitaani na ndizi kichwani na ovaroli ya kiwanda.

Sasa msifikiri aliacha siku ile ile. Huu uzi si wa mahubiri.

Mama alimpandisha mlimani, kwenye shamba la ukoo. Huko juu akatetemeka, akaumwa, akatukana mizimu yote. Akakaa vizuri, akalima maharage. Akashuka mjini, akanywa. Tukampandisha. Akakaa vizuri zaidi, tukaanza kusifia, akashuka akanywa. Kuna kipindi mimi mwenyewe nilikata tamaa na nikasema acha jina lije na gongo lake. Mama hakuwahi kusema hivyo. Alikuwa anafunga kanga tu, anasema twende, njia ya mlimani ni ile ile.

Nilikiwaza sana kile kitabu wakati huo. Mwandishi alimwangusha Dimoso mara moja, akafa. Watu wa kweli wanaanguka mara nyingi na wewe unatakiwa kuwepo kila mara. Nadhani hakuliandika hilo kwa sababu lingechosha wasomaji. Linachosha hata kuliishi.

Kila akikaa vizuri kwa muda, mjomba alikuwa anashuka kwa Bi Mwanaidi na uzi mfukoni. Anajaribu mbele yake. Uzi unadondoka. Bi Mwanaidi anasema, "Bado, mtani. Chukua ndizi, urudi." Na alikuwa anarudi.

Siku alipofunga fundo sikuwepo. Nilimwona tu anapita mbele ya kibanda changu cha baiskeli, amebeba ovaroli mkononi, imekunjwa, na hakuangalia pembeni. Nikaacha spoku nikamfuata kwa macho mpaka akapotelea njia ya mlimani.

Huko alikaa mpaka uzee. Mkewe hakurudi, watoto walikuja mmoja mmoja. Vidole havikuacha kutetemeka kabisa, ila maharage hayajali vidole.

Alipofariki, kwa maradhi ya uzee, tulimpeleka taarifa Bi Mwanaidi. Alikuwa bibi kizee kweli, wajukuu walimpandisha mlimani kwa zamu, anawatukana njia nzima. Watu wakamngojea. Desturi ni yeye avae nguo za marehemu. Mama akamtolea ovaroli ya bluu, imepigwa pasi.

Akaipapasa. Akairudisha.

"Hii aliigomboa mwenyewe. Sina haki nayo." Akakaa kwenye mkeka, akapumua. "Na huyu mimi nilishamlilia Kihonda. Leo nimekuja kula tu. Nyama iko wapi?"

Watu walicheka mpaka wakainama.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza, jibu langu ni hili: kitabu hakikumsaidia mjomba, hakukisoma. Kilimkasirisha msomaji mmoja aliyeona mwisho wake haufai, akaenda kuandika mwingine kwa miguu yake. Msomeni mtu wenu kabla hajafika ukurasa wa msiba, na mkimwigiza, mwigizeni pia alivyokuwa kabla.

Bi Mwanaidi naye ametangulia. Jina la Mkude ninalo mimi sasa, na ovaroli iko kwenye msumari wangu. Watani wa upande wake wapo, wananichunguza kila nikikohoa.

Wenye watani wa kweli, au waliosoma kitabu kikawasumbua hivi, semeni hapa chini. Mimi naenda kujinyoosha, ila nitasoma zote.