Mbwa Aliyeshonewa Kochini

"Shangazi, huyu mbwa anajua kwamba ni mfupi?"

Niliuliza hivyo nikiwa darasa la pili, siku Shangazi alipomleta Mshipi nyumbani. Alikuwa amebana pini midomoni, hakunijibu. Jirani yetu kinyozi ndiye aliyejibu kwa niaba ya mtaa mzima: "Fundi, huyo ni mbwa au benchi? Mbele ameshafika, nyuma bado yuko njiani!"

Shangazi ni fundi makochi. Naye si mrefu. Wateja wapya humpita mlangoni wakiuliza fundi yuko wapi.

Mshipi ni dakshundi, mbwa wa mwili mrefu na miguu ya kuazima. Asili yao ni kufukuza wanyama mashimoni, kwa hiyo kwake kila kitu ni shimo: blanketi, mkoba wangu wa shule, hata shuka la Bibi. Ukimwita, anakutazama kama ofisa anayekungoja upange foleni. Lakini ukiugua, analala ubavuni pako mpaka homa ishuke. Na akibweka, utadhani nyuma ya mlango kuna simba.

Bibi, mama yake Shangazi, hakumtaka. "Siku atakayokuharibia kazi, anaondoka. Sisemi mara mbili." Na kweli, Bibi huwa hasemi mara mbili.

Siku yenyewe ikaja. Mama mmoja muuza vipuri alileta kochi lake kubwa. Shangazi akalifungua mgongo, akabadilisha springi, akatoka kupokea simu, akarudi na kupiga pini kitambaa cha nyuma. Likapakiwa kwenye pikapu.

"Fundi, umetia mawe humu?" wabebaji wakalalamika.

"Hiyo ndiyo sponji ya maana," Shangazi akajigamba.

"Mshipi je?" nikauliza njiani.

"Amenuna mahali. Tutamkuta."

Kwa muuza vipuri, geti lilipofunguka tu, likatoka jibwa kubwa kama ndama, mnyororo umekatika. Wabebaji wakalitua kochi uani, wakarukia pikapu. Mimi nilishawatangulia. Shangazi akabaki peke yake, mgongo kwenye kochi, jibwa linamngurumia.

Kochi likabweka.

Jibwa likainamisha kichwa. Kochi likabweka tena, likatikisika, kitambaa cha nyuma kikachanika. Kikatoka kichwa, kikatoka kifua, ukatoka mwili, mwili, mwili, na mwisho mkia. Mshipi, vipande vya sponji masikioni, hakusalimia mtu. Alilivaa jibwa moja kwa moja! Wakaizunguka nyumba, na waliporudi, ndama ndiye aliyekuwa akikimbizwa. Likajichomeka chini ya gari. Mshipi akakaa mbele yake kama askari wa zamu.

Sote tulishangilia, isipokuwa Shangazi. Alikuwa anatazama ule mpasuko, nami nikajua anachosikia ni sauti ya Bibi.

"Nipe dakika chache, mama," akamwambia mwenye kochi, akatoa sindano iliyopinda, akapiga magoti.

Muuza vipuri alikuwa hoi kwa kicheko. "Acha hivyo hivyo, fundi! Nataka wageni waone alikotokea!"

"Kazi yangu haibaki na tundu."

Akashona pale pale uani mpaka mshono usionekane. Muuza vipuri akapitisha kidole, akautafuta, akaukosa. Akaagiza makochi mengine mawili. "Ila hayo," akasema, "uyapekue kwanza."

Nyumbani nilimsimulia Bibi kabla viatu havijanitoka. Akasikiliza, uso mkavu.

"Kwa hiyo kazi imeharibika?"

"Imeongezeka, mama," Shangazi akajibu.

Bibi akamtazama Mshipi, ambaye tayari alikuwa anajipenyeza chini ya shuka lake. "Kuongezeka sikukutaja," akasema, na akakunja miguu ili mbwa apate nafasi.

Sasa niko sekondari. Mshipi ana mvi mdomoni, na Shangazi amemtengenezea kijingazi cha mteremko, kimevikwa sponji, asiumize mgongo kwa kuruka kochini. Juzi jibwa geni lilisimama mlangoni pa karakana. Mshipi akateremka kijingazi chake taratibu kama bwana harusi, akajipanga katikati ya mlango, akabweka mara moja. Jibwa likavuka barabara.

"Shangazi," nikasema, "lile swali langu hujalijibu. Anajua kwamba ni mfupi?"

Safari hii alitoa pini zote mdomoni.

"Hajui. Na ukimwambia, utafute pa kulala."