Mboga ambazo mpishi mwenyewe hakuzila

Saa nne na nusu asubuhi, jiko la shule limejaa moshi na mpishi anapuliza kijiko. Anaonja mboga za majani, anatafuna taratibu, kisha anaongeza kitunguu. Mchana watoto mia tatu na arobaini watajipanga na sahani zao mbele ya dirisha lake.

"Zamani nilikuwa sionji," anasema bila kuulizwa. "Andika hivyo hivyo. Usinipambe."

Watoto humwita Bibi Sufuria. Ana miaka hamsini na sita, na utani haumwishi. Kila siku yeye humwonya mwalimu mmoja mwembamba kwamba upepo ukivuma ashike mlango, asipeperushwe. Lakini akifika kwenye habari za miaka miwili iliyopita, utani humkauka mdomoni.

Kwa miaka kumi na miwili alizichemsha mboga tangu asubuhi mpaka zikavurugika, zikawa rangi ya matope. Aliziosha juu juu, mchanga ukasikika menoni. Yeye alikuja na chakula chake kutoka nyumbani, akala nyuma ya stoo.

"Nilijiambia, hawa ni watoto tu, watajua nini?"

Walijua. Walizimwaga nyuma ya vyoo, wakakimbilia biskuti na soda getini. Ndipo shule ikaanzisha kampeni ya lishe bora: mabango ukutani, na amri kwamba hakuna kutoka ukumbini kabla sahani haijaisha. Mpishi naye alisimamishwa mbele ya wanafunzi, akawahimiza wale mboga wapate nguvu.

Siku ya tatu msichana wa darasa la tatu akagoma. Mwalimu wa zamu alimwacha peke yake ukumbini, wenzake wakichungulia dirishani na kumcheka. Mpishi alipokuja kukusanya vyombo, mtoto akamsogezea sahani.

"Bibi, kula kidogo tu. Ukila, na mimi nitakula."

"Nikachukua kijiko," anasimulia. "Kikafika mdomoni. Nikashindwa kumeza, mwanangu. Chakula nilichokipika kwa mikono yangu! Nikakitema kwenye aproni."

Mwalimu akaingia, akauliza kama mtoto amekula. "Bado," mpishi akajibu, basi. Mtoto akala huku analia, mpaka akatapika juu ya sare yake. Mpishi akapiga deki.

Kesho yake mama wa mtoto aliitwa, akaambiwa binti yake ni mkaidi.

"Yule mama alikuja hadi jikoni akaniomba radhi. Mimi! Nami nikaipokea."

Alimweleza dada yake mkubwa, muuza mboga sokoni. Dada hakumbembeleza. "Umefanya ubaya, mdogo wangu. Haya, funga kanga vizuri, nikufundishe kupika."

Akafundishwa kuosha kwa maji matatu, kuzitoa motoni zikiwa bado za kijani, na kutoona haya kutumia nyanya. Siku hizi hula benchi moja na watoto. Ndoo mbili za makombo zilizokuwa zikijaa kila siku sasa ni moja, nayo haifiki nusu.

Shule inaamini ni kazi ya mabango. Mwaka jana mpishi alipewa cheti cha kuhamasisha lishe bora. Amekificha chini ya godoro. Hata mumewe hajakiona.

Yule msichana sasa yuko darasa la tano. Hupokea maharage, hupokea tunda. Zikifika mboga, huifunika sahani kwa kiganja na kusema kwa adabu, "Asante, Bibi."

"Hiyo asante ndiyo inayonimaliza," anasema mpishi, akifuta macho na kuusingizia moshi.

Ijumaa kuna mkutano wa wazazi. Amemwomba mwalimu mkuu dakika tano bila kumwambia za nini.

"Namwomba radhi yule mama mbele ya watu wote. Akinisamehe, nitashukuru. Asiponisamehe, basi angalau mtoto wake atakuwa amesikia kwamba hakuwa mkaidi. Mboga zilikuwa mbaya."