Kaa Tu, Mama

Kuna sauti moja siipendi kuliko zote: miguu ya kiti cha plastiki ikiburuzwa kwenye sakafu ya saruji. Krii! Wengine huwauma meno. Mimi huniuma moyo, na papo hapo pua yangu hunusa dawa ya kuchua iliyochanganyika na mkojo, nikajikuta ni mtoto tena, nyumbani kwetu mlimani, juu kabisa ya Hedaru, na Bibi ameketi mlangoni akitazama migomba.

Lakini nisianzie hapo. Mkimjulia Bibi kwenye kiti mtamdharau, nami sitaki mumdharau.

Bibi Nakijwa, mama yake baba, alikuwa mtu wa kwenda. Nyumba yetu ilikuwa ubavuni mwa mlima kama nyumba zote za kule. Shamba la tangawizi chini yake, mfereji chini zaidi, na choo ng'ambo ya migomba, kwenye kinjia chembamba chenye mteremko. Asubuhi alishuka mferejini na ndoo, akapanda nayo kichwani polepole, kila hatua akiipima. "Mguu uulize kwanza," alikuwa akiniambia. "Ardhi ikijibu, ndipo mwili ufuate." Mimi nilikuwa na papara, miguu yangu haikumuuliza mtu, na magoti yangu hayakukosa kidonda mwaka mzima.

Jioni ndiyo niliyoipenda zaidi. Akitoka shambani alisimama uani kando ya beseni, akainua mguu mmoja, akausugua kwa jiwe taratibu, kisigino, unyayo, kidole baada ya kidole, bila kushika ukuta wala bega la mtu. Macho aliyakaza kwenye shina la mparachichi. Kisha mguu wa pili. Nilipomwiga nilianguka puu, maji yakanimwagikia, naye akacheka mpaka akakohoa. "Macho yako yanazurura, ndiyo maana!" Akimaliza, aliketi jikoni kwenye kigoda chake kifupi cha miguu mitatu, akala makande yake, na kuinuka aliinuka bila mkono kugusa kitu. Wageni wakimsifu kwa nguvu zake aliwajibu bila haya: "Siku nikishindwa kwenda chooni mwenyewe, nimekwisha. Msinililie, nizikeni." Watu walicheka. Yeye hakuwa anatania.

Masika moja aliteleza mferejini. Hakuvunjika. Alirudi na ndoo tupu, matope mgongoni, na hasira za kutosha kijiji kizima. Lakini habari zilishuka mpaka Same, alikokuwa akifanya kazi baba, na mpaka zimfikie zilikuwa zimeota mapembe. Jumamosi tulimwona anapanda mlima kwa miguu, macho mekundu, na kichwani kiti cheupe cha plastiki chenye mikono, alichokinunua Hedaru.

"Mama, umetulea, umechoka," alimwambia. "Sasa ni zamu yetu. Kaa tu, mama."

"Nikae ningoje nini?"

"Watu watasemaje? Mama yangu abebe ndoo kama vile hakuzaa?"

Ninyi mliolelewa kwetu mnajua neno hilo lina uzito gani. Mwanamume anaweza kuvumilia njaa na madeni, lakini siyo kuambiwa kwamba mama yake anachota maji naye ana mshahara. Jembe la Bibi akampa jirani. Kigoda akakipasua kuni, eti ni kitu cha watu wa zamani. Mama akaagizwa kumletea mkwewe maji pale pale kwenye kiti na kumwosha miguu, nami nikaagizwa kumpa chochote atakachokitaka asije akainuka. Siku moja baba alimkuta amesimama kizingitini, akamshika bega kwa upole kumrudisha. "Mwenda pole hajikwai, mama."

"Na asiyekwenda je?" Bibi akauliza.

Majirani walikuja kukiona kiti. "Nakijwa, umebarikiwa! Una mtoto wewe!" Nadhani hapo ndipo walipomweza. Kugombana na baba Bibi angeweza, ila angekataaje baraka mbele ya watu?

Baba akisharudi Same, Bibi aliniita nyuma ya nyumba. "Simama hapo. Usinishike." Akainua mguu, macho kwenye mparachichi. Mwanzoni aliweza. Baadaye kidole kimoja kikawa kinagusa ukuta. Baadaye kiganja. Miguu yake, iliyokuwa migumu kama mwiko, ikalegea ngozi. Ikafika jioni moja akashika ukuta kwa mikono miwili, na mguu ukakataa kabisa kuinuka; kisigino tu ndicho kilichonyanyuka kidogo, kikarudi chini. "Twende ndani," akasema, na hakuniita tena.

Asubuhi aliyoanguka, mama alikuwa ameenda kukata majani ya mbuzi. Bibi hakutaka kungoja mtu. Nilisikia kiti kikiburuzwa, krii, kisha kimya, kisha sauti yake kutoka kule kwenye migomba. Alikuwa amelala kwenye kinjia cha choo, nyonga imevunjika, khanga imelowa, na kwa mkono mmoja alikuwa anajaribu kujifunika nisione.

Wanaume walifunga miti miwili kwenye kile kile kiti, wakambeba kuteremka mpaka barabarani gari linapofika. Nilifuata nyuma na kandambili zake. Kila penye utelezi alikuwa akiwaambia kwa sauti ndogo, "Ulizeni kwanza, wanangu. Ulizeni kwanza." Wao walidhani homa imempanda.

Hospitali ilimrudisha nyumbani, akawa wa kitandani. Mama alimsafisha asubuhi na jioni, na kila mara Bibi alijifunika uso kwa khanga mpaka mama amalize. Jamani, mwanamke yule! Alikufa tangawizi haijang'olewa. Mazishini mzee mmoja alisimama akamsifu baba: mama yake hakugusa tena jembe mpaka anaingia kaburini. Baba alilia, na ndani ya kilio kile mlikuwa na fahari. Alimpenda mama yake, hilo silikatai. Ila nitasema neno baya, mnisamehe: laiti angekuwa mtoto mzembe asiyejali, huenda Bibi angeenda chooni kwa miguu yake hadi mwisho.

Baba naye alishafariki. Juzijuzi mama alijikwaa kizingitini, na mdogo wangu wa kiume akapanda kutoka Same na kiti. Kizuri zaidi, kina mto. Akakiburuza sebuleni, krii, akampangusia vumbi. "Kaa tu, mama."

Sauti ya baba yangu, neno kwa neno! Naye alikuwa mtoto wa mgongoni Bibi alipofariki; nani alimfundisha? Nikafungua kinywa nimpe vipande vyake, ila mama alikwisha kupita kati yetu na beseni la maji mkononi, akatoka uani.

Mama huyu ndiye aliyemwosha Bibi miguu, na baadaye mwili wote. Alisimama kando ya beseni. Mparachichi ulikwisha kukatwa. Akatafuta kwa macho mpaka akakipata kisiki chake. Akainua mguu. Ulitetemeka vibaya, ukagusa chini. Akauinua tena. Mdogo wangu akakurupuka, mikono mbele.

"Usinishike," mama akasema, bila kuyaondoa macho pale kwenye kisiki.

Nikamvuta ndugu yangu nyuma kwa shati. Mguu ulikuwa juu, unatetemeka, mkavu. Hata maji ulikuwa haujayagusa. Miaka yote hiyo nilidhani Bibi alikuwa anaosha miguu; kumbe alikuwa anaiuliza.