Mama Alipomsalimia Muuza Tiketi

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimesoma chuo kikuu, pale Kasapa, diploma yangu imetundikwa sebuleni kwetu Ruashi, hapa Lubumbashi, na kwa miaka mingi nimewacheka watu waliotapeliwa, nikisema mwenye akili timamu haliwi hivyo. Nakiri haya mapema ili ijulikane ni nani aliyekaribia kuliwa.

Mama alitaka kwenda Mbuji-Mayi, kule Kasai. Dada yake mkubwa, ndugu pekee aliyembakia, alirudi Kasai kwa treni katika miaka ile watu wa kwetu walipofukuzwa huku Katanga. Mama hakupanda. Mimba ya mdogo wangu ilikuwa imemlaza kitandani, na daktari alimkataza kusafiri. Tangu hapo hawakuonana tena. Sasa ujumbe ulikuwa umekuja kwamba dada mtu amepofuka na chakula anakigusa tu. Mama hakulia. Alisema anataka kuushika ule mkono ungali na joto, basi.

Mimi na wadogo zangu tulichanga mpaka pesa ya ndege ikatimia, kwenda na kurudi. Ya kukosea haikuwepo.

Kwenye kundi la simu la chama chetu cha watu wa Kasai, pale tunapotangaziana misiba na arusi, kulikuwa na bwana mmoja akiuza tiketi. Bei yake ilikuwa chini kuliko ya mjini, na aliandika kwamba kila kitu kimo ndani. Nilipompigia, alinisalimia kwa Chiluba, lugha yetu, kwa ile salamu yetu ya "moyo" iliyovutwa, akaniita yaya, yaani mkubwa wake, akautaja ukoo wetu kabla sijautaja mimi. Nikalainika kama bukari, ule ugali wetu, iliyozidi maji. Sisi watu wa Kasai tuliozaliwa huku tuna ugonjwa huo. Jirani wa Ruashi tutamdai karatasi tatu, lakini mtu akisema "moyo" tunamfungulia mpaka chumba cha kulala. Bwana yule alitaka nimtumie pesa kwa simu kabla ya saa sita, kwa kuwa ilibaki nafasi moja tu.

Nilikuwa nimekwisha kuandika namba yake. Mama alikuwa barazani, anachambua maharage. Akanyoosha mkono apewe simu.

"Muntu ya kwetu tunamusalimia kwanza," alisema. "Franga itafwata."

Nilikasirika. Nilimwambia muda unakwisha, nafasi ni moja, na salamu angezitoa akishafika Mbuji-Mayi. Mkono ulibaki pale pale, na mimi nikampigia yule bwana, nikampa mama simu ikiwa na sauti juu ili nisikie jinsi atakavyotuchelewesha.

Kwetu kila ukoo una maneno yake ya sifa. Mkubwa huita nusu ya kwanza, na aliyezaliwa humo huimalizia ya pili. Hata mimi mtoto wa Lubumbashi nayajua ya kwetu, maana mama alitufundisha kabla hatujajua kusoma. Basi akamsalimia yule bwana, akamuuliza habari za watoto, akacheka naye. Kisha akaita. Lakini hakuita ya kwetu. Aliita ya watu wa ng'ambo ya mto, wale ambao babu zetu waligombana nao juu ya mashamba, na mpaka leo hatualikani. Nikadhani uzee umemwingia.

"Eyo mama, njo yetu ile," yule bwana akakubali, kwa furaha tele. "Siye batoto ba leo hatujue tena kuimaliza. Mutume tu, place itapotea."

Mama akamshukuru vizuri, akakata, akanirudishia simu ikiwa na vumbi la maharage.

"Uyu haiko muntu ya kwetu," alisema. "Mutoto ya kwetu angekasirika."

Akarudi kwenye ungo wake. Mimi nilibaki nimesimama, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hata nguo yenyewe alikuwa ameiazima. Niliandika yote kwenye kundi, bila kujificha, na kabla ya jioni watu wawili walikiri kwamba walishamtumia pesa na tiketi hawajaiona. Bwana yule akajiondoa kundini kimya kimya.

Kesho yake nilikwenda mjini, kwenye ofisi yenye mlango na kibao, na hasira yangu ikapata kazi ya maana. Mama wa kaunta akanitajia bei. Nikamuuliza, na nini tena? Kodi ya uwanja wa ndege, inalipwa siku ya safari. Na nini tena? Mzigo ukizidi kilo zake. Na nini tena? Kubadilisha tarehe ya kurudi. Niliuliza mpaka akaishiwa, kisha nikamwomba ayaandike yote kwenye karatasi moja na kupiga muhuri. Alinitazama kana kwamba nimemwomba figo. Nyuma yangu watu walianza kunung'unika, lakini mmoja wao akasema naye anataka karatasi kama hiyo, na wa tatu vilevile. Mama wa kaunta akavuta muhuri karibu.

Shida ilibaki kwenye kilo. Kwenda kwa dada mtu mikono mitupu ni matusi, na sanduku la mama lilikuwa limezidi. Asubuhi ya safari alitoa vitenge viwili ndani ya sanduku, akavivaa juu ya kile cha mwilini, akatoka chumbani akitembea kwa shida na uso wa malkia. Uwanjani sanduku likapita mzani salama. Halafu akajitokeza mtu, akasema kuna malipo ya kumvusha mzee. Nikamkunjulia karatasi yenye muhuri, nikamwomba anionyeshe yameandikwa mstari gani. Akaisoma yote, akaenda kutafuta wengine. Nilirudi Ruashi kifua mbele, na sioni haya kusema hivyo.

Mchana binamu yangu alinipigia kutoka Mbuji-Mayi, akaiacha simu wazi ili nisikie. Mama mkubwa alikuwa amekaa kitini, haoni, na walikuwa wamemwambia mdogo wake yuko mbele yake. Hakunyoosha mkono. Aliita nusu ya kwanza ya sifa zetu, kwa sauti nyembamba, kisha akangoja.

Mama akaimalizia, neno kwa neno.

Nikasikia wanalia wote wawili, na mimi jikoni kwangu nikalia nao. Kisha mama mkubwa akaanza kumpapasa, akauliza kwa Chiluba mbona amenenepa hivi. Mama akamwambia ni vitenge vitatu, na viwili ni vyake.