Ushuhuda Si Majivuno

Usaili ule wa Bariadi naukumbuka vizuri, mwanangu. Ilikuwapo nafasi moja tu ya bibi shamba wa kwenda Kasoli. Ningeikosa, baba angepokea ng'ombe wa mahari kutoka Nassa, kwa mtu nisiyemtaka. Naye baba alikuwa hapo nje, anasubiri.

Mwenyekiti, mzee wa Mwanhuzi, aliniuliza kwa Kiingereza nime-achieve nini. Kitenzi hicho nilikijua. Mwalimu wetu alitufundisha kuwa ni kulifikia jambo kwa kulihangaikia; zawadi na bahati havisemwi kwa neno hilo. Nikajibu kwamba sisi nyumbani tulivuna pamba nyingi.

"Msimu ule hata mvivu alivuna," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Hiyo ni kazi ya mvua. Wewe je?"

 Mjumbe mmoja akangoja, kisha akafunika kalamu yake.

"Mayu," mzee akasema polepole, akiniita mama kwa kilugha chetu, "usingekuwepo wewe, jirani yako angekosa nini?"

Hapo ndipo niliposema. Kijijini kwetu, baada ya kuvuna, miti ya pamba iliachwa shambani iliwe na ng'ombe, na wadudu wakajificha humo hadi msimu mwingine. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiomba ing'olewe na kuchomwa. Wazee wakanicheka: "Binti anachoma malisho, kesho atachoma zizi." Nikaanza na shamba letu. Baba alininunia. Msimu uliofuata funza wa pamba walipungua kwetu, na majirani nao wakachoma.

"Mbona ulificha?"

"Kwetu anayejitaja huonekana hana adabu. Chema chajiuza, mzee."

"Chajiuza kikishafika sokoni," akanikemea. "Sikukuomba sifa, nimekuomba ushuhuda. Ukinyamaza, kazi hii ataipata anayesimulia mvua."

Nafasi nikaipata. Baba aliposikia niliyoyasema mle ndani, akauliza, "Na kule kununa kwangu uliwasimulia?"

Mwanangu, nawe leo unaandika barua za kazi na kujaza neno hilo la achieve kila mstari. Usijipe kilicholetwa na mvua, wala cha wenzako, maana njia ya mwongo ni fupi. Lakini ulichokihangaikia mpaka kikasimama, kitaje kwa jina lako, bila kupaza sauti na bila kuinamisha kichwa. Mungu akupe kazi ya kushuhudia, na akupe mtu wa kukuuliza mara ya pili.